Msalaba Katika Nchi Kavu

Kila mwaka, tarehe 14 Septemba, Mama Kanisa huadhimisha Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba Mtakatifu, na siku ya pili yake humkumbuka Bikira Maria Mama wa Mateso. Katika nchi yetu sikukuu hizi mbili huangukia majira magumu. Masika yamekwisha sahauliwa, vuli haijapiga hodi, ghala za watu wengi zimefika chini, na akina mama hutoka alfajiri kutafuta maji kabla jua halijawa kali. Tumeona inafaa juma hili tuseme na jamaa zetu za Kikatoliki juu ya faraja iliyomo katika Msalaba. Lakini faraja ikisemwa kwa jumla tu, ni rahisi mno kusemwa. Hivyo tumechagua mahali pamoja, tupatazame vema, tuone kama maneno yetu yanaweza kusimama pale. Mahali penyewe ni Kwakoa.

Kwakoa ni kata ya Wilaya ya Mwanga, katika tambarare iliyo mashariki ya milima ya Pare ya Kaskazini, si mbali na Ziwa Jipe na mpaka wa Kenya, wala si mbali na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Mtu asiyefika huko, akisikia Upare, huwaza migomba, mifereji na baridi ya Usangi au Ugweno. Huo ni Upare wa juu. Upare wa chini ni nchi ya miiba, mibuyu na vumbi. Mkulima wa tambarare huweza kusimama mlangoni pake akayaona mawingu yamelala juu ya milima siku nzima, akaiona mvua ya wenzake kwa macho, na shambani mwake lisidondoke hata tone. Apandaye mahindi huko hupanda kwa imani, na miaka mingi huvuna mabua. Hata mahindi yakistawi, tembo wa Mkomazi hawajui mpaka. Usiku mmoja wawatosha kumaliza kazi ya miezi mitatu. Wala mfugaji hana nafuu kubwa. Katika ukame wa mwaka 2009, na tena katika ule wa mwaka 2022, ng'ombe walikufa kwa wingi katika wilaya za kaskazini, nao walionusurika wakauzwa kwa bei ya kutupa. Mtu aliyehesabiwa kuwa na mali akajikuta anakopa unga.

Wazee wa Upare waliijua shida hii tangu kale, nao hawakukaa tu wakilia. Walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya kijito usiku, ili mchana yafunguliwe yapite mifereji kwenda mashambani kwa zamu. Siku hizi pia mkono wa watu haukulala: mradi mkubwa wa kuyatoa maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu kwa ajili ya Same, Mwanga na Korogwe, ambao wananchi waliungoja kwa miaka mingi, ulizinduliwa mwezi wa Machi, 2025. (Jina la bwawa hilo latosha kuwa mahubiri, lakini tusitoke njiani.) Twalitaja jambo hili mapema ili asidhani mtu kwamba tukiusifu Msalaba tunawaambia watu waache jembe, bomba na hospitali.

Wala si ukame peke yake. Mwaka uleule wa 2009, mvua ilipokuja mwezi wa Novemba, ilikuja kwa nguvu ya kutisha. Kule Goma, milimani katika Wilaya ya Same, ardhi iliporomoka juu ya makao ya watu ikaua zaidi ya 20. Waliokuwa wakiomba mvua wakaililia mvua. Na tarehe 28 Juni, 2025, katika eneo la Sabasaba, Same, mabasi mawili yaligongana, yakawaka moto, wakafa watu zaidi ya 35, na wengi wao hawakuweza kutambulika kwa sura. Watu wa Upare huwarudisha wafu wao nyumbani, hata kutoka mbali, wazikwe karibu na baba zao. Basi tufikiri uchungu wa mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe atatambuliwa kwa vipimo vya maabara, siyo kwa uso wake.

Mzazi huyo tumwambie nini? Hilo ndilo swali letu. Kabla hatujaeleza Msalaba wasema nini, yafaa tutazame majibu mengine ambayo mwenye taabu huyasikia kwanza, maana majibu hayo hayasubiri. Hufika mlangoni kabla ya Padre, na mara nyingine kabla ya jirani.

Tarehe 1 Februari, 2020, mjini Moshi, maelfu ya watu walikusanyika katika uwanja wa Majengo kumsikiliza mhubiri mmoja. Walikuwamo wagonjwa, wasio na kazi, wasiopata watoto, wenye madeni. Jioni waliitwa wapite kukanyaga mafuta yaliyoombewa, wapate baraka na uponyaji. Kila mmoja alitaka kuwahi. Wakasukumana, wakaangushana, na watu 20 wakafa kwa kukanyagwa, watoto nao wakiwamo. Hatuwacheki marehemu hao, Mungu awapumzishe. Wala hatudhani kwamba Wakatoliki hawakuwako pale. Miaka tisa kabla yake, mwaka 2011, magari yalipanga foleni ya siku nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe kimoja cha dawa kilichouzwa shilingi 500. Wako waliotolewa vitandani hospitalini ili wapelekwe huko, wakafa njiani kabla ya kukionja. Wote hao hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu wenye maumivu, na mwenye maumivu humwamini yeyote amwambiaye kwamba leo jioni yatakwisha.

Liko jibu jingine, baya zaidi, nalo husemwa kwa sauti ya chini nyuma ya nyumba ya msiba: ni nani aliyefanya? Ng'ombe wa fulani wamekufa, wa jirani wamesalia. Mtoto wa fulani amekufa barabarani, mwenziwe aliyeketi karibu naye ametoka mzima. Basi lazima yuko mtu. Hutafutwa mwenye kupiga ramli, naye haachi kumpata mwenye hatia. Mara nyingi ni mama mzee, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 60. Katika nchi yetu wako vikongwe waliouawa kwa neno kama hilo. Twasikitika kusema kwamba hata katika nyumba zenye Msalaba ukutani swali hili huulizwa, tena na watu waliopokea Komunyo Jumapili iliyopita.

Na Msalaba wenyewe wako wanaoutumia vibaya. Huuvaa shingoni kama hirizi, huutundika juu ya mlango ili uzuie wachawi, huuning'iniza ndani ya gari ili gari lisipinduke, kisha dereva hukimbiza gari kuliko alivyofanya kabla ya kuuning'iniza. Ukipatwa na ajali hali una Msalaba wa namna hii, utasema Msalaba umekudanganya. Haukukudanganya. Haukuahidi hayo kamwe.

Uliahidi nini basi? Yatupasa kwanza kukumbuka Msalaba ulikuwa kitu gani. Sisi tumezoea kuuona umetengenezwa kwa fedha na dhahabu, au umechongwa vizuri kwa mpingo, tukasahau. Katika dola ya Kirumi msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi, kifo kilichopangwa kiwe kirefu na cha aibu, kando ya njia, ili wapitao waone na kuogopa. Kwa sababu hiyo Wakristu wa kwanza hawakupenda kuuchora waziwazi. Katika makaburi yao ya chini ya ardhi, kule Roma, walichora samaki, mchungaji mwema aliyebeba kondoo, na nanga ya merikebu, iliyokuwa alama ya matumaini. Na yeye ajuaye kutazama nanga huona kwamba umbo la Msalaba limejificha ndani yake. Ilipita karne nyingi kabla Wakristu hawajathubutu kumwonyesha Bwana wao akiwa ametundikwa. Mojawapo ya sanamu za kale kabisa za namna hiyo imo katika milango ya mbao ya kanisa la Mtakatifu Sabina, Roma, iliyochongwa katika karne ya tano. Hata sikukuu yetu ya Septemba inatokana na kutabarukiwa kwa kanisa la Yerusalemu, mwaka 335, mahali ambapo Bwana aliteswa na kuzikwa.

Wazee wetu wa karne ya 19 wangaliyaelewa haya kuliko sisi. Bonde la mto Pangani, chini ya milima ya Pare, lilikuwa njia ya misafara, na watu wa milima hiyo walitekwa wakafungwa minyororo, wakashushwa pwani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 waliusimamisha Msalaba katika mji uliokuwa mwisho wa njia ya watumwa wa bara, wakaanza kukomboa watoto. Wengi wa wamisionari hao walikufa vijana kwa homa, na makaburi yao yako Bagamoyo hadi leo. Sasa fikiri mtoto aliyeletwa pale akiwa na kovu la mnyororo shingoni, akaonyeshwa kwa mara ya kwanza sanamu ya Mungu wa Wakristu: mtu uchi, aliyepigwa viboko, aliyefungwa na kuuzwa kwa vipande vya fedha. Hatujui aliwaza nini. Lakini hakuonyeshwa mfalme amekaa kitini akipepewa. Alionyeshwa mwenziwe.

Hapo ndipo penye neno lenyewe tunalotaka kulisema juma hili. Msalaba haumwambii mtu kwamba taabu yake itaondoka leo jioni. Wala haumwelezi kwa nini imempata yeye, isimpate jirani. Wamwambia kwamba Mungu hakubaki juu ya milima kama yale mawingu ya Usangi, akitazama tambarare yetu kutoka mbali. Ameshuka. Amekaa katika nchi kavu pamoja nasi, akaona kiu kiasi cha kuomba kinywaji mbele ya watu, akapewa siki.

Msomaji apendaye Maandiko na afungue Kitabu cha Hesabu, sura ya 21. Waisraeli walikuwa jangwani, hawana maji, wamechoka na chakula cha namna moja, wakanung'unika. Kisha wakaumwa na nyoka, na wengi wakafa. Mtu wa Kwakoa hahitaji kuelezwa nyoka ni nini, naye amchungaye mbuzi vichakani asubuhi ajua vema jambo hilo. Sasa, angalia waliomba nini. Walimwomba Musa amsihi Mungu awaondoe nyoka. Ndilo ombi ambalo sisi sote tungaliomba. Lakini Mungu hakusema kwamba atawaondoa. Alimwagiza Musa afanye nyoka wa shaba, amweke juu ya mti, ili aliyeumwa amtazame apate kuishi. Nyoka waliendelea kuwapo jangwani, lakini sumu yao haikuwa na neno la mwisho tena. Na Bwana wetu, alipozungumza na Nikodemo usiku, alijilinganisha Yeye mwenyewe na nyoka yule wa shaba aliyeinuliwa. Kwa hiyo anayeutazama Msalaba hatazami kitu cha kumsahaulisha maumivu. Atazama jeraha lake mwenyewe limewekwa juu, mahali pa kuonekana, mwilini mwa Mwana wa Mungu.

Tena tusiwakemee watu waliao. Wako wafiwa walioambiwa na Wakristu wenzao kwamba machozi yao ni upungufu wa imani, na kwamba kuuliza kwa nini ni dhambi. Shauri la namna hiyo halikutoka Golgota. Bwana mwenyewe, giza lilipoifunika nchi, alilia kwa sauti kuu na kuuliza kwa nini ameachwa. Aliuliza kwa maneno ya Zaburi, lugha aliyofundishwa tangu utoto. Mama yake alisimama karibu, wala hakuandikiwa neno lolote la kumnyamazisha. Basi baba aliyepoteza mwana katika moto ule wa Same, akiuliza swali lile usiku, yuko katika sala ya Mkristu, hata kama hajapiga magoti.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, aliyeandika waraka mzima juu ya mateso ya wanadamu mwaka 1984, miaka mitatu baada ya kupigwa risasi, alifundisha humo kwamba Kristu hamjibu mwenye kuteswa kwa hoja. Humwita aje karibu, na mtu huanza kuelewa akiwa karibu. Watanzania wengi walimwona alipotutembelea mwezi wa Septemba, 1990, akiwa bado na nguvu. Ijumaa Kuu ya mwaka 2005, siku nane kabla ya kufa kwake, hakuweza kwenda katika Njia ya Msalaba; watu walionyeshwa picha yake akiwa katika kikanisa chake, mgongo wake tu, ameshika Msalaba kwa mikono miwili. Hakusema kitu. Twaona kwamba katika mafundisho yake yote juu ya mateso, lile lilikuwa mojawapo ya makubwa.

Lakini waraka ule una sehemu ya pili, ambayo wengi hawaifikii: hapo Baba Mtakatifu anamweka mbele yetu Msamaria Mwema. Ni kana kwamba alitambua hatari iliyopo. Maana ni rahisi mtu aliyeshiba, na sisi waandishi tumo, kumwonyesha mwenye njaa Msalaba na kumwambia avumilie. Asiutumie mtu Msalaba kumfunga kinywa maskini. Mwenye duka afichaye unga ili bei ipande, kiongozi aachaye kisima kife kwa kuwa fedha za pampu zimeliwa, tajiri anunuaye ng'ombe wa mwenzake kwa bei ya kuku kwa sababu ya ukame: watu kama hao hawana ruhusa ya kuhubiri uvumilivu wa Kristu. Katika Mateso yale wao wana nafasi, lakini si nafasi ya Kristu.

Nafasi tunayoitamani sisi ni ya Simoni Mkirene. Kirene ilikuwa mji wa Afrika, katika nchi iitwayo Libya sasa. Mtakatifu Marko asema kwamba Simoni alikuwa akitoka shamba. Hakuja kutazama. Alikuwa na kazi zake, huenda na jembe begani, akakamatwa na askari akatwikwa mti wa mtu asiyemjua. Hakuuchagua mzigo ule, kama vile mkulima wa Kwakoa asivyouchagua ukame. Ila Marko awataja wanawe kwa majina, Aleksanda na Rufo, kana kwamba wasomaji wake waliwafahamu. Jamaa ile haikuwa tena ngeni kwa Wakristu. Katika milima ya Pare watu wajua vema maana ya kituo hiki cha tano. Mgonjwa anaposhushwa kwa machela kutoka kitongoji kisichofikiwa na gari, kwenye njia ya mawe na utelezi, hakuna mwanamume mmoja awezaye kuibeba peke yake. Hubebwa na wanne, na wanne wengine hutembea kando wakingoja zamu. Wala hawaulizani dini. Upare una Waislamu wengi, una Walutheri na Wasabato wengi, na Wakatoliki ni wachache; lakini machela haina dhehebu. Anayeitazama machela hiyo kwa imani huiona kuwa Msalaba una ncha mbili, na kwamba yule aliyelala juu yake amembeba Kristu kwa ncha moja, na wabebaji kwa ncha ya pili.

Turudi katika mafuta. Kanisa nalo lina mafuta. Askofu huyabariki katika Juma Kuu, na Padre huyachukua kwa mgonjwa, kama Mtume Yakobo alivyoagiza wazee wa Kanisa waitwe. Angalia tofauti yake na yale ya Moshi. Hapa mgonjwa hakimbii. Mafuta ndiyo yanayokwenda kwake, kwa pikipiki, au kwa miguu, hadi kitandani. Hayauzwi. Hayana foleni, na mdhaifu kuliko wote ndiye wa kwanza. Padre humpaka katika paji la uso na katika mikono, naye huomba kwamba Bwana amwokoe na kumwinua, lakini hamwahidi kwamba kesho atalima. Wako wanaopona. Wako wanaokufa kwa amani, wakiwa wamewasamehe ndugu waliogombana nao juu ya shamba kwa miaka 20. Na sisi hatujui kama huko si kupona. Kwa sababu hiyo twawasihi jamaa wasimwite Padre mgonjwa anapokuwa amekwisha poteza fahamu, kana kwamba Mpako huu ni hati ya kifo. Mwiteni mapema, mgonjwa akiwa na akili yake. Wala msimtoe hospitalini kwa ajili hiyo. Padre ataifuata hospitali.

Tuna shauri dogo pia juu ya nyumba zetu. Katika nyumba nyingi Msalaba hutundikwa sebuleni, juu sana, kati ya kalenda na picha ya arusi, mahali ambapo mgeni ataupokea kama pambo. Penye mgonjwa, uteremsheni. Uwekwe ukutani mbele ya macho yake, si juu ya kichwa chake asipoweza kuuona, na uwe mwepesi wa kushikwa, maana wakati unakuja ambapo mtu hawezi kusali kwa kinywa, ila mkono huweza kushika. Hauhitaji kuwa wa thamani. Vijiti viwili vya mgunga vilivyofungwa kwa uzi vyatosha, na Padre atavibariki. Mtoto mdogo afundishwe kumchora mgonjwa ishara ya Msalaba usoni kabla ya kwenda kulala; bibi aliyelala kitandani miezi sita hufurahia kidole cha mjukuu wake kuliko maneno mengi ya wageni.

Na penye msiba, neno la uchawi linapoanza kunong'onwa, baba wa nyumba au katekista asiogope kuuleta Msalaba katikati ya wafiwa na kusema waziwazi kwamba Yeye aliyewajua kwa majina wote waliomwua aliwaombea msamaha. Wafiwa na wasali kituo cha kumi na tatu, ambapo Mama apokea maiti ya Mwanawe, na kisha wamwalike yule mjane anayenong'onwa aje aketi pamoja na akina mama na apewe chai kama wengine. Twajua kwamba jambo hili ni gumu na kwamba kijiji kitasema. Katekista mwenye kulifanya mara moja amefundisha katekisimu ya mwaka mzima.

Yamebaki makaburi. Kule tambarare mchwa ni wengi, na Msalaba wa mbao usimikwao siku ya maziko mara nyingi huliwa chini ya ardhi kabla haujatimia mwaka. Siku moja upepo huuangusha, na kaburi la mtoto hufanana na tuta lolote la shamba. Si kila jamaa inaweza kununua saruji, wala haipasi kukopa kwa ajili hiyo. Chagueni mti mgumu, ncha ya kuingia ardhini mwiunguze motoni mpaka iwe nyeusi kabla ya kuisimika, nayo itakaa zaidi. Ule wa zamani ulioliwa, kwa kuwa umebarikiwa, usitupwe jaani wala usipikiwe. Uchomwe kwa heshima, na majivu yake yafukiwe palepale kaburini. Kazi hii yafaa ifanywe mwezi wa Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu na mawe yakipatikana kwa urahisi, ili Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, mvua za vuli zikija, Misalaba yote iwe imesimama.